Mahali pa Kulaza Baiskeli

Tarehe sita Machi mwaka jana nilimpoteza mke wangu. Ilianza kama homa ya kawaida, ikashuka kifuani, na wiki ya pili alikuwa wodini. Tulimzika nyumbani Kitui. Nilirudi mjini, mtaani kwetu Mbotela, na gari, ufunguo wa nyumba, na kazi yake ambayo nilikuwa nimeitazama miaka mingi bila kuijua.

Kazi yenyewe ni uji. Alikuwa akiuza uji wa wimbi nje ya geti la kiwanda kimoja Industrial Area, alfajiri, kabla vibarua hawajaitwa ndani. Mchana alirudi pale pale na ndengu na wali. Mimi nilikuwa dereva wa lori la ghala. Ghala lilipofungwa nilipewa pesa kidogo za kuagwa, tukanunua gari kuukuu jeupe lenye buti ndefu ya mizigo nyuma, la aina ile inayobeba kila kitu mjini, kuanzia mikate hadi mbuzi. Kutoka hapo yeye alipika, mimi nikaendesha. Hatukuwahi kukaa chini tukapanga hivyo. Asubuhi moja alisema, "Baba, washa gari," na ikawa ndiyo kazi yangu.

Alipokufa watu walitarajia niache. Binti yetu, ambaye ameolewa na anaishi Tassia, alitaka nihamie kwake. Nilimwambia nitafikiria, na sikufikiria. Sikuwa na kazi nyingine, na pale getini palikuwa mahali pekee mjini ambapo ningesikia mtu akimtaja bila kupunguza sauti. Nyumbani majirani walikuwa wakinong'ona nikipita. Pale getini vibarua walisema tu, "Uji wa mathe ulikuwa mzito kuliko huu wako, mzee."

Ni kweli. Wangu ulikuwa na madonge. Nilijifunza polepole kukoroga unga kwa maji baridi kwanza, jambo ambalo alilifanya mbele yangu kila siku na sikuliona.

Sasa, mahali pa kuuzia nje ya geti hakuna anayekupa. Hakuna karatasi, hakuna kodi. Ni pako kwa sababu uko pale. Siku unayokosa, jirani anakutetea. Ukikosa mara kwa mara, wanaokuja nyuma wanasogea mmoja mmoja, na siku utakayorudi utakuta mtu anauza mahindi ya kuchemsha juu ya kivuli chako. Jirani yangu pale ni mama wa chapati, mjane kama mimi, anayezungumza huku mikono yake haisimami. Alinishikia mahali wiki zote za matanga. Aliweka mtungi wake wa maji hapo na kumfokea kila aliyeukaribia.

Tatizo lilikuwa gari. Lilizoea kwenda safari mbili kwa siku na kurudi, na sasa lilikuwa linakwenda moja. Mimi ndengu sikuzijaribu. Baadhi ya siku sikutoka kabisa, si kwa ugonjwa, nilikaa tu kitandani nikitazama mabati. Gari kuukuu likikaa linaharibika. Betri ikafa. Nikaichaji, ikafa tena. Asubuhi mbili nilikuwa na uji tayari kwenye ndoo, umefungwa kwa blanketi, na gari halikuwaka. Mara ya pili mlinzi wa pale tunapoegesha alinisaidia kulisukuma mpaka barabarani, akachoka, akasema, "Mzee, hata hili linamlilia mama." Nadhani alitaka kunifariji. Nilirudisha ndoo nyumbani nikawagawia majirani, kikombe kwa kikombe, na walikunywa wakiwa kimya kama vile matanga yameanza upya.

Siku iliyofuata mama wa chapati aliniambia wazi, akisukuma unga.

"Baba, mimi nimekushikia hapa. Lakini jana kuna mtu wa mayai alikuja akaniuliza, huyu amekufa ama amehama? Nikamwambia hajafa. Ukikosa tena nitamwambia nini?"

"Mwambie ni gari."

"Gari. Mwenye mayai alikuja na ndoo kichwani."

Siku hiyo nilikaa ndani ya gari baada ya kuuza, nikapiga hesabu. Mimi nilifika darasa la saba, na hesabu yangu ni ya dereva: tangi, maili, mfuko. Lakini pesa za uji huja kwa vikombe, kwa hiyo nilihesabu kwa vikombe. Vikombe vya petroli. Vikombe vya mlinzi wa maegesho. Vikombe vya bima, ambavyo huwa havionekani mpaka mwezi wa kulipa ufike. Vikombe vya askari wa kanjo, wale wa baraza la jiji, ambao wakikuta gari limesimama karibu na geti huwa hawaulizi umebeba nini. Vikombe vya betri mpya. Nilipomaliza niliona kwamba wale vibarua karibu wote wa mwanzo, wale wanaokuja gizani na kunywa wakiwa wamesimama, walikuwa wananunulia gari uji. Mimi nilianza kula kwa wale wa mwisho.

Wakati wake haikuwa hivyo. Ndengu za mchana ndizo zilizolipia gari. Gari lile lilikuwa la kazi ya watu wawili, na alikuwa amebaki mmoja.

Nilikuwa nimeziona zile baiskeli za magurudumu matatu zenye sanduku mbele. Kuna mmoja anayepeleka maziwa nazo upande wa Jogoo Road, na mwingine anayeuza maji. Nilianza kuzitazama vile mtu anavyotazama nyumba za kupanga. Nilimsimamisha yule wa maji nikamuuliza maswali: mlima anapanda vipi, mvua ikinyesha anafanya nini, breki zinashika akiwa na mzigo? Alijibu vizuri. Mlima anashuka na kusukuma. Mvua inamnyeshea. Breki zinashika mpaka zisiposhika.

Kutoka Mbotela hadi pale getini si mbali. Gari ndilo lililofanya pawe mbali, kwa maana lilizunguka kwenye foleni ya barabara kubwa. Watu wa miguu hukata moja kwa moja, wanavuka reli, wanatokea karibu na viwanda. Mke wangu alipita njia hiyo kwa miguu kabla hatujanunua gari, ndoo moja kichwani na nyingine mkononi. Mimi nilikuwa sijaipita hata siku moja.

Binti yangu alifurahi kusikia nataka kuuza gari, hakufurahi kusikia habari ya baiskeli.

"Baba, na miguu yako?"

"Iko."

"Watu watasema tumekutupa. Mzee wa umri wako anaendesha baiskeli ya maji."

"Ya uji."

"Baba."

Kisha akasema kwenye simu kwamba kama ni gari basi niuze haraka, kwa sababu linakula kuliko mimi. Hilo tulikubaliana.

Fundi nilimpata Kamukunji, kati ya wale wanaogonga mabati toka asubuhi mpaka huwezi kusikia unachofikiria. Ni kijana mpole mwenye miwani ya kuchomelea iliyofungwa kwa mpira. Aliniuliza vipimo vya sanduku. Nilikuwa nimekuja navyo, kwenye kamba. Nilikuwa nimefunga fundo kwa upana na fundo kwa urefu, kutoka ndani ya buti ya gari.

Lazima nieleze kwa nini nilipima buti. Vyombo vyake vyote alivinunua baada ya gari, na alivinunua kwa kulipima. Alikwenda sokoni na kipande cha kamba kama kile changu. Ndoo mbili za uji zilikaa nyuma ya viti. Beseni la vikombe liliingia pembeni. Na ile sufuria kubwa ya ndengu ilikaa katikati, ikibana pande zote mbili, isitikisike hata kwenye matuta. Sufuria hiyo sikuwa nimeitumia tangu afe. Ilikuwa juu ya kabati, imefunikwa gazeti. Lakini nilitaka iwe na mahali kwenye baiskeli. Sikumwambia fundi hivyo. Nilimwambia tu, "Fuata kamba."

Alifuata kamba. Baada ya wiki moja nilikwenda kuichukua. Ilikuwa kazi safi, sanduku la bati limepakwa rangi ya kijani, mfuniko una bawaba. Niliiendesha mpaka Mbotela polepole nikiwa pembeni kabisa ya barabara, na si vibaya, mwili hukumbuka. Watoto wa ploti walinikimbilia.

Kisha nikafika mlangoni.

Nyumba zetu ni zile za zamani za kanjo. Mlango ni mmoja, mwembamba, na ndani ni chumba na kijikoni. Gari hulala nje kwa mlinzi kwa sababu hakuna awezaye kulibeba begani. Baiskeli haiwezi kulala nje. Ukiifunga kwa mnyororo kwenye mlingoti, asubuhi utakuta mnyororo, na ukiwa na bahati mlingoti. Kila mtu hapa mwenye baiskeli analala nayo ndani. Nilijua hivyo kama ninavyojua jina langu. Na bado, katika kuwaza kote kule, kupima kote kule, sikuwa nimeupima mlango.

Nilijaribu kwa mbele, nikajaribu kwa nyuma. Jirani wa pili alitoka na kikombe chake cha chai akasimama kutazama, akaniambia niijaribu kwa kuinamisha. Tuliinamisha. Sanduku liligonga miimo yote miwili. Rangi ya kijani ikabaki mlangoni.

Nilimpigia fundi simu.

"Mzee, ulipima nini?"

"Gari."

"Mlango hukupima?"

"Hapana."

"Basi ilale kwa gari," akasema, akacheka, kisha akaona sicheki naye. "Rudisha kesho, nitaikata. Lakini itapungua, mzee. Hiyo kitu unataka kuweka katikati, kama ni kubwa, haitaingia."

Nilifunga baiskeli nyuma ya gari usiku huo na kumlipa mlinzi ailinde, na asubuhi nikairudisha. Nilikaa kwenye debe pale Kamukunji nikamtazama akilikata sanduku. Bati hukatwa kwa kelele inayoingia kwenye meno. Alikata kipande kirefu cha upande, akakitupa kando, akachomelea upya. Aliniuliza kama nataka kukibeba kile kipande, ni bati zuri. Nilikataa. Nilijua sasa kwamba ndengu hazitarudi. Mtu mwingine angelijua jambo hilo siku ya mazishi. Mimi nililijua nikiwa nimekaa juu ya debe, cheche zikiruka.

Ilipita mlangoni. Ilipita na nafasi ya kidole kila upande. Ikaingia mpaka ikagonga kitanda, na gurudumu la nyuma likabaki nje kwenye ngazi.

Hiyo ndiyo gharama ambayo sikuihesabu kwa vikombe. Kitanda chetu kilikuwa kile kikubwa, futi tano kwa sita, cha mbao ya mvule, kazi ya binamu yake aliyekuwa mchonga vinyago na aliyeshindwa kujizuia kuchonga maua kwenye ubao wa kichwani. Kilichukua nusu ya chumba. Tulizoea kupita kwa upande. Nilisogeza meza, nikasogeza kabati, nikaweka viti viwili juu ya kimoja. Haikutosha. Ama kitanda, ama baiskeli.

Nilifikiria siku tatu. Baiskeli ilikuwa kwa mlinzi, na uji bado niliupeleka kwa gari, siku lilipokubali kuwaka. Lakini kumlipa mlinzi kwa ajili ya baiskeli ni kurudi pale pale nilipotoka, na gari bado lilikuwa halijauzwa, kwa hiyo nilikuwa nalipia vyote viwili. Nilijiambia ni jambo la pesa. Halikuwa la pesa. Tangu Machi nilikuwa nalala upande wangu tu, karibu na ukuta, nikiwa nimekunja miguu, na ule upande mwingine ulikuwa na mto wake na nguo zilizotoka kufuliwa ambazo sikuzipanga. Dada zake walikuwa wamekuja wakagawana nguo zake kama inavyofaa. Kitanda hawakukigusa, na mimi pia nilikuwa kama sikigusi.

Nilimpigia binti yangu, nikamuuliza kama anakitaka.

"Na wewe utalala wapi?"

"Kuna kile chako cha chuma, cha shule. Kiko kwa jirani."

"Hicho ni cha mtoto, Baba."

"Nitatosha."

Kwa hiyo safari ya mwisho ya gari ilikuwa ya kupeleka kitanda Tassia. Tulikifungua mimi na mume wake, tukafunga ubao wa kichwani juu ya paa, mbao nyingine zikaingia ndani. Godoro tulilikunja likajaza buti yote. Gari liliwaka siku hiyo kwa mara ya kwanza bila kubembelezwa. Ghorofa ni ya nne na ngazi za pale ni za kupita mtu mmoja. Binti yangu alisimama juu akielekeza: "Kunja hapo. Baba, wewe wacha, utaumia mgongo." Kilipofika juu alikaa pembeni mwa mbao ambazo bado hazijaunganishwa, akawa anafuata ua moja kwa kidole. Nilimwambia lazima nirudi kabla ya foleni. Hakukuwa na foleni, ilikuwa Jumapili.

Mnunuzi alikuja Jumanne. Alikuwa mrefu, mfanyabiashara wa mayai, si yule wa getini, na alikuja na fundi wake wa kukagua. Nilimwambia makosa yote ya gari. Betri, na mafuta yanavuja kidogo chini, na gia ya pili ukiwa na haraka hukataa. Fundi wake alinitazama kana kwamba nina ugonjwa.

"Mzee, unauza ama unashtaki?"

Nikamwambia ni bora asikie kwangu. Mnunuzi akapunguza bei kwa yale niliyomwambia, ambayo ni haki yake.

Fundi alitaka kuliendesha kidogo. Mnunuzi akafungua mlango wa abiria akajaribu kukaa, na magoti yakagonga. Kiti kile kilikuwa kimesogezwa mbele kabisa. Mke wangu alikiweka hivyo kwa sababu ndoo za uji zilikaa nyuma yake, akawa anasafiri magoti yakiwa karibu na kioo kama mtu aliyepewa nafasi ya mwisho. Sikuwahi kukirudisha. Yule bwana alishika kipini chini ya kiti, akakivuta, na kiti kikarudi nyuma kwa kishindo. Akanyoosha miguu.

"Sasa," akasema, "hapa mtu anakaa."

Walizunguka ploti mara moja. Nilisaini nilipoambiwa nisaini. Walipoondoka mlinzi alikuja kusimama kando yangu pale lilipokuwa gari, sasa pana doa la mafuta. Kisha akaniuliza kama nina baiskeli ya kulaza leo. Nikamwambia italala ndani.

Ililala ndani. Sanduku lilikaa miguuni pa kitanda cha chuma na usukani ukawa karibu na kichwa changu. Nyumba ilinuka rangi na grisi. Ili kufika kijikoni nililazimika kuitoa nje kwanza, na ndivyo nilivyofanya asubuhi, nikaiweka nje kwenye giza, nikaja kuwasha jiko.

Nilipita njia ya reli. Ndoo mbili zilikaa vizuri, vikombe juu yake. Njia ilikuwa imejaa watu wa miguu wanaokwenda viwandani, mkondo mzima wa watu katika ukungu, wengine wakila wakitembea. Kwenye reli nilikwama. Magurudumu ya mbele yalipanda chuma cha kwanza yakakataa cha pili, na mzigo ukaanza kuinama. Nilisimama nikiwa nimeushika usukani, sithubutu kuachia, sithubutu kusukuma.

"Ni mzee wa uji," mtu akasema nyuma yangu. "Ameleta mkokoteni ya kifalme."

"Imekwama?"

"Wacha maswali, shika. Hiyo ni breakfast yako."

Wanne, pengine watano, waliishika pande zote wakaiinua na uji wake wote, wakaivusha reli ya kwanza na ya pili, wakaiweka upande ule mwingine. Mmoja alichungulia ndani ya sanduku akasema haijamwagika. Mwingine akaniambia, "Mzee, ukifika yangu weka sukari mara mbili, nimebeba." Wakaendelea na safari yao kwa sababu saa ilikuwa imekaribia, nami nikapanda tena nikawafuata.

Nilifika kabla ya king'ora cha kiwanda. Mwenye mayai alikuwepo, na ndoo yake ilikuwa imeshafika pale, robo yake juu ya mahali petu. Mama wa chapati alinitazama nikishuka, akatazama sanduku la kijani, akatazama magurudumu matatu.

"Hii ndiyo uliuza gari ukanunua?"

"Ndiyo."

"Inawaka asubuhi?"

"Inawaka."

Akamgeukia mwenye mayai. "Ndugu yangu, sogea. Mwenyewe amefika."

Mwenye mayai alisogeza ndoo yake. Niliingiza baiskeli kinyumenyume kwenye ukuta, nikaweka jiwe kwenye gurudumu, nikafunua ndoo. Waliobeba walikuja kwanza. Yule wa sukari mara mbili nilimwekea. Nilimimina mpaka mkono ukachoka, na watu walikunywa wakiwa wamesimama, wakirudisha vikombe bila kutazama vinakotua. Mmoja alisema uji bado si kama wa mathe. Nilimwambia najua. Akanyoosha kikombe nimwongeze.

King'ora kikalia. Wakaingia wote, geti likafungwa. Ndoo ya pili ilikuwa imebaki kama nusu. Nilikaa kwenye ukingo wa sanduku nikaanza kuosha vikombe.